Usimtafute Abdalla

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Goti linanisumbua lakini natembea, na kakako Yahya amepata kazi ya upishi hotelini Bofa.

Waniambia umechoka kumtafuta huko Marekani baba wa mzee wetu Yusuf bin Abdalla, yule baharia Mmarekani aliyehamia hapa Malindi zamani za meli za tanga. Abdalla hutampata, mwanangu. Hakuwako. Yusuf alisilimu hapa, na anayesilimu kwetu huitwa bin Abdalla, hata baba yake awe nani.

Nilipokuwa msichana mamangu alijifungua mtoto wa kiume, na baba akataka kumwita Faisal. Siku ya akika, ya kumchinjia mtoto na kumpa jina, bibi yangu, mjukuu wa huyo Yusuf, akasusa nyama ya mbuzi na kugeukia ukutani.

"Mama, kula basi," baba akambembeleza.

"Sili mpaka mtoto aitwe Yahya. Babu yangu aliacha kila kitu huko kwao. Alipopata mwana aliomba jambo moja tu, ampe jina la baba yake mwenyewe aliyemwacha huko, John. Shekhe akamwambia jina hilo sisi tunalo, ni Yahya. Nanyi mwataka kulitupa?"

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Hatujakosa Yahya nyumbani tangu siku ile, wala hakuna aliyeniuliza habari za mzee Yusuf mpaka wewe.

Basi mtafute John. Jina lake umeliita kwa kelele uani kwangu utoto wako wote, kila kakako alipokufichia viatu.

Bibi yako