Chumba Kinachotazama Bwawa

Mdogo wangu Rogers,

Nakuandikia kwa kuwa simu zangu hupokei. Chumba kinachotazama bwawa la Mindu nimekupatia hotelini, cha ghorofani, chenye jakuzi kama ulivyoagiza kwa ujumbe. Jumamosi wewe na mkeo mtapelekwa kwenye maporomoko, jioni mtachomewa samaki. Stroberi zitatoka shambani kwetu. Mama anakuchumia mwenyewe, hataki mtu mwingine aziguse. Huku mvua imetulia na kabichi zimependeza.

Jana mkeo Glory alinipigia kuulizia baridi ya milimani. Ana adabu, alianza na shikamoo. Halafu akasema, "Pole sana wifi kwa kuondokewa na mama. Rogers aliniambia mlimzika kabla hatujaoana, ndiyo maana hapendi kuja huko."

Simu ilikuwa kwenye spika, na Mama alikuwa pembeni yangu akichambua mchicha. Aliisogelea simu akajibu kama mfiwa yeyote: "Asante, mwanangu. Tumeshapoa."

Kisha akanigeukia kuniuliza kama chumba chako kina blanketi zito.

Ni mimi dada yako, kama kwako mimi bado niko hai,
Winfrida