Siku Sita za Mswala Uliokunjwa

Jumapili, 12 Mei 1996
Nimechota maji, nimefagia ua, nimemaliza hesabu tano za sehemu. Shangazi Zuhura ameoga na kutandaza tena mswala wake, uliokuwa umekunjwa tangu Jumatatu. Kisha akaniambia niandike moja nyuma ya daftari langu, nimhesabie siku. Yeye hakusoma. Daktari wa Mombasa anamtaka siku ya ishirini na nne ya hesabu hiyo, amkwangue kidogo ukuta wa kizazi, waupime kama unaweza kushika mimba. Siku hiyo, si nyingine. Nafurahi kuaminiwa.

Ijumaa, 17 Mei
Sita. Dukani, mbele ya wateja, Bi Salma, mama mkwe wa Shangazi, amesema: "Mbuzi wa Maungu wanazaa na ukame wote ule. Huyu anakula wali kila siku." Watu wakacheka. Shangazi akaendelea kupima sukari. Mumewe amekubali kungoja majibu ya daktari. Yakiwa mabaya, ataoa mke mwingine Taveta. Namchukia Bi Salma.

Alhamisi, 30 Mei
Kumi na tisa. Leo kwenye Sayansi tumefundishwa mwezi wa mwanamke. Siku ya kwanza ni siku damu inapoanza. Wasichana waliinamisha vichwa. Mimi niliandika, kisha nikafungua nyuma ya daftari. Sisi tulianza kuhesabu siku ya kuoga. Tumeacha siku sita.
Nimwambie? Nimelelewa kutomtajia mtu mzima damu yake. Labda daktari naye anahesabu tangu kuoga. Siku sita ni kidogo.

Jumapili, 2 Juni
Nilipika kabichi za Werugha. Shangazi akaikimbia harufu, akarudi akijicheka. Woga wa safari, nadhani. Nilifungua mdomo nimwambie. Bi Salma akaingia jikoni. Nikaufunga.

Jumanne, 4 Juni
Ishirini na nne. Ameondoka alfajiri na karatasi niliyomwandikia hesabu ya siku. Kwenye mtihani wa hesabu nimepata arobaini na nane kwa hamsini. Jioni amerudi ameshika tumbo, anatabasamu. Daktari ameusifu mwandiko wangu.

Alhamisi, 6 Juni
Anatoka damu nyingi. Anasema ndiyo hedhi, imewahi.

Alhamisi, 20 Juni
Majibu. Ukuta ni mzima kabisa. Katika nyama waliyoikwangua kulikuwa na mimba changa. Alikwenda siku ya thelathini, si ya ishirini na nne, mimba ikiwa imeshashika.
Daktari aliuliza nani alihesabu. Shangazi akasema ni yeye.
Bi Salma alimgeukia mwanawe. "Umesikia? Umemlipia mkeo nauli akakutolee mtoto."
Mumewe alichukua kofia, akatoka. Sikula.

Jumatano, 26 Juni
Kitanda kipya kimeletwa, cha bibi arusi wa Taveta. Shangazi ameambiwa akifute vumbi. Amekifuta. Bi Salma akapitisha kidole kwenye ubao, akamwambia arudie.
Mimi nilijua. Siku tano nzima nilijua. Shangazi hajui kwamba nilijua.

Jumamosi, 6 Julai
Bibi arusi anakuja kesho. Nimechota maji, nimefagia ua. Nilipoingia chumbani mswala ulikuwa umekunjwa. Shangazi alikuwa amekaa sakafuni na daftari langu mapajani.
"Imeanza asubuhi hii, mwanangu," akasema. "Andika moja."
Nikaandika.