Aliyeshika Nafasi ya Sita

Chumba cha nyuma,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo.
Jumamosi, tarehe 11.

Mpendwa Kaka,

"Jina lipo, kadi ipo, na sura wanafanana kama mapacha. Pindo aitumie tu kadi ya mama yake, ajifungue, mambo yaishe." Hayo ni maneno yako. Nimeyasikiliza kwenye simu mara nne nikayanakili neno kwa neno, nisije nikaambiwa nimeyatia chumvi. Nitayajibu. Lakini tulilelewa kusalimiana kabla ya kugombana, kwa hiyo nakusalimu.

Hujambo? Wifi hajambo? Goti lake limetulia, au bado anapanda ngazi kwa kuzihesabu? Watoto nao wanasoma, au wanakusomea wewe tu uongo wao?

Sisi huku wazima wa kujikaza. Jicho la kulia la Baba limefunga kabisa, na la kushoto linaona mwanga na vivuli, ila anamtambua kila mtu kwa kikohozi chake kabla hajabisha hodi. Mama mzima, na ubishi wake mzima zaidi. Mimi bado nasahihisha kurasa za gazeti, nalipwa kwa ukurasa na kuchukiwa bure.

Sasa habari yenyewe, maana najua umeipata vipande vipande. Unakumbuka kwa nini tulimwita mtoto wa dada Pindo: alipoanza kutambaa alikuwa akishika pindo la gauni la kila mwanamke aliyeingia ndani, na hakuliachia mpaka atazamwe usoni. Akimwona si yule amtakaye, alikwenda kwa mwingine. Ndiye huyo aliyefanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha sare, akishona kola za nguo za wauguzi. Jumatatu ya tarehe mosi mwezi uliopita msimamizi alipanda juu ya kreti la nyuzi akasoma majina thelathini na mawili. Mashine zilikuwa bado zinanguruma, kwa hiyo wengine waliambiwa na jirani kwamba wamefukuzwa. Bima ya kiwanda ilikatwa wiki hiyohiyo. Leo mimba yake ina wiki ishirini na nne. Mumewe fundi wa friji, akiitwa anakula, asipoitwa anangoja, na bima hana.

Usidhani tulikaa tu. Nilikwenda naye kwa wakala wa bima, kijana wa tai nyekundu, ofisi ina zulia na maua ya plastiki. Akasema mimba iliyokwisha kuingia hawailipii, ila tukijiunga leo, baada ya miezi kumi ya kungoja Pindo ataruhusiwa kuzaa kwa gharama yao. Nikamwuliza bima hiyo ni ya binadamu au ya ndovu. Pindo akanifinya mkono. "Mama mdogo, twende." Kwenye mpango wa umma tulitakiwa kulipia kaya nzima mwaka mzima kwa mkupuo, na kiasi hicho fundi wa friji hakioni hata msimu wa joto.

Ndipo nikakumbuka ule mfuko wa kusaidiana wa wapiga chapa, alioanzisha Baba na wenzake. Nilisoma kanuni zake zote kama mtu anavyosoma hadithi ya mapenzi. Kifungu cha kumi na nne kimeandikwa na watu waliojua njaa: mjukuu wa mwanachama mwanzilishi, akipoteza kazi, aandikwe ndani ya siku sitini, na uzazi wake ulipiwe bila kungoja. Nilikaribia kulia juu ya kitabu cha kanuni, Kaka. Siku ya sitini ni tarehe thelathini ya mwezi huu.

Tukaenda. Karani ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtu mpole. Akaandika jina la ukoo, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Nafasi zimejaa, mama. Familia moja majina sita ya watu wazima."

"Tuko watano," nikamwambia. "Baba, Mama, kaka yangu, mkewe na mimi."

"Sita."

"Mzee wangu, mimi kazi yangu kuhesabu makosa ya watu. Tuko watano."

Hakubishana. Aliigeuza kompyuta ikatutazama. Mstari wa nne: jina la dada, kwa ukamilifu, hata lile jina la katikati ambalo hakulipenda. Jinsi: mwanamke. Umri: hamsini na mmoja. Hali: hai.

Alikufa ana miaka ishirini na mitano. Mashine imekuwa ikimzeesha peke yake mle ndani, mwaka baada ya mwaka, bila mvi na bila sisi. Pindo alisimama nyuma yangu akasoma. Hakulia. Alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Kwa hiyo mama ana bima, mimi ndiye sina."

Nilimwambia karani anifute mimi. Akasema aliye hai huondolewa Januari tu. Katikati ya mwaka nafasi hufunguliwa na kifo peke yake.

"Basi nikifa leo?"

"Leo hiihii nitamwandika," akajibu, na hakuwa anacheka.

Nilimwuliza tutaadhibiwaje kwa miaka hiyo yote. Akafungua jalada, akapitisha kidole. Hatutaadhibiwa, kwa sababu kadi hiyo haijawahi kutumika hata siku moja. "Ndiyo kadi safi kuliko zote nilizonazo," alisema.

Sasa nakujibu. Unasema sura wanafanana. Ni kweli, na hapo ndipo ninapoogopa. Juzi nilimsindikiza hospitali kuuliza gharama, akatangulia kukaa wakati mimi nafunga mwavuli. Lile benchi bado lipo, Kaka, lile la chuma lililo mbele ya dirisha la uandikishaji, limepakwa rangi ya bluu tu. Alikaa pembeni kabisa, mkono mmoja kiunoni, miguu ameivua viatu. Nilimwona kwa mgongo. Nilisimama pale mlangoni nikashindwa kuingia, kwa sababu mimi niliwahi kuuona mgongo huo.

Wewe ulikuwa safarini siku ile, na tulikusimulia kwa ufupi kwa sababu hatukuwa na nguvu ya kusimulia kwa urefu. Nisikilize sasa. Baba alikuwa amemwandikisha dada wiki moja tu kabla, na kadi haikuwa imetoka. Dirishani wakasema bila kadi au amana hawamwandiki, akae asubiri. Alikaa tangu saa tatu asubuhi. Mimi nilikuwa nikimpepea kwa jalada la gazeti. Saa saba aliniambia, "Mdogo wangu, kaulize tena." Nikaenda, nikarudi. Saa nane akaniambia tena, nikaona aibu kumsumbua yule mtu wa dirishani, nikazunguka tu kwenye korido nikarudi na kusema nimeuliza. Hilo sijamwambia mtu yeyote. Saa tisa benchi lilikuwa limelowa damu, na ndipo wauguzi walipomkimbilia. Walimwokoa mtoto. Kadi ilitoka kesho yake, imefunikwa plastiki, picha yake anacheka. Baba aliileta hospitali mkononi, hakuwa ameambiwa.

Ukanitumia na lile jingine, kwamba mimba si ugonjwa na bibi zetu walizaa bila kadi. Bibi zetu wakizaa mimi sikuwapo. Wa kwetu mmoja aliyejaribu kuzaa bila kadi namjua, na wewe pia unamjua.

Unasema Pindo aitumie kadi hiyo. Tuache kwamba hospitali itapokea mjamzito wa miaka hamsini na mmoja na madaktari watawaleta wanafunzi wamtazame. Tuache kwamba ni uongo, maana uongo tumeuzoea. Kuna damu. Kliniki ya kwanza, bima ya kiwanda ilipokuwa bado hai, walimpima wakakuta damu ya Pindo ni hasi. Ya mumewe ni chanya. Mkunga alimweleza taratibu, na mimi nikamwomba arudie: wiki ya ishirini na nane lazima achomwe dawa maalumu, na baada ya kuzaa achomwe tena, la sivyo mwili wake unaweza kujifunza kumpiga vita mtoto atakayefuata. Jalada la dada la mfuko, linalofuatana na kadi, linasema damu chanya. Mkunga hufuata kilichoandikwa. Ataliona neno chanya, atafunga jalada, atamwita anayefuata. Pindo atakuwa kitandani kwa jina la maiti, anatibiwa mwili ambao hauko pale. Na lolote likimpata, kwenye karatasi atakuwa amekufa dada, kwa mara ya kwanza, na Pindo atakuwa hajawahi kuingia hospitali. Mtoto ataandikwa kazaliwa na bibi yake.

Wazo hilo najua hukulitunga wewe. Ni la Mama. Alikitoa kile kisanduku cha bati cha biskuti, ambamo anaweka kadi pamoja na barua zote ambazo mfuko humwandikia dada kila mwaka. Hajawahi kufungua hata moja. Nilizifungua mimi. Ya mwaka jana inasema: "Mpendwa mwanachama, umetimiza umri wa miaka hamsini, tunakukumbusha kupima macho." Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, na nakuapia nilitazama nyuma.

Mama alimvisha Pindo kadi ile shingoni kwa utepe, kama mtoto wa shule. "Mama yako amekutunzia nafasi," akamwambia. "Ingia." Na Pindo, kwa kuchoka na kwa woga, alianza kujifunza saini ya mama yake nyuma ya bahasha. Nilikuta amejaza bahasha nzima. Saini za mwisho zilikuwa zimefanana mno nikaichana, na tangu siku hiyo Mama hanisemeshi. Anaongea na sufuria ili nisikie.

Nisijifanye msafi. Kila Januari fomu huja, na swali la mwisho ni moja: je, kuna mabadiliko yoyote katika familia? Baba akiwa anaona alijaza mwenyewe. Macho yalipoanza kufifia alinipa kalamu mimi. Uanachama ulipohamia kwako, mimi nikawa najaza, wewe unasaini. Kwa mkono wangu nimeandika "Hakuna mabadiliko" mara kumi na tisa. Mimi, ninayemwamsha mhariri kwa sababu ya nukta. Sote tulijua. Ilikuwa njia yetu ya kukaa naye mezani mara moja kwa mwaka, na niliona haimdhuru mtu. Leo ninaona tulichokijenga: benchi lingine, tena kwa wino wangu, na aliyekaa juu yake ni mtoto wake.

Kuhusu Baba, ulisema nisimguse, nitamuua. Nilimgusa. Jumatano nilikaa karibu na kiti chake pale dirishani, anapoweka zile herufi za risasi za kupigia chapa za jina la dada alizozifunga kwa uzi siku alipokataa kupanga tangazo la msiba. Huwa anazisoma kwa kidole kutoka kulia, kinyumenyume, kama mpiga chapa anavyosoma. Nilimweleza yote, hata lile la korido ambalo nimekuandikia juu hapa kwamba sijamwambia mtu. Basi sasa mko wawili. Alipitisha kidole kwenye herufi zile mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilimwandikisha kwa kuchelewa. Huyu asichelewe." Akafungua fundo la uzi kwa meno, akanipa herufi moja moja kiganjani, zote. Zilikuwa na joto la mkono wake.

Lakini Baba si mwenye uanachama tena, ni wewe. Mfuko unataka saini ya mwenye uanachama, ya wino, kwenye karatasi yenyewe. Ndiyo maana nakuandikia barua, maana simu unanikatia. Fomu ya kutangaza kifo imo humu ndani, pamoja na bahasha yenye stempu.

Ulisema kumfuta dada ni kumuua mara ya pili. Kaka, kwenye fomu hakuna mahali pa kumfuta. Nimeikagua. Wanachoomba ni neno moja mbele ya jina, na jina linabaki.

Nisalimie watoto, waambie shangazi yao wa maneno mengi anawakumbuka. Msalimie yule jirani yako kinyozi aliyekuja mwaka juzi akatushinda karata. Baba anakusalimu. Mama anasalimu, kupitia sufuria. Pindo anakuamkia, anasema shikamoo mjomba, na hasemi zaidi kwa sababu anaona haya kuomba. Mungu awalinde mnapotoka na mnaporudi, na mtoto huyu azaliwe huku mama yake akimwona.

Sasa ninachotaka. Wifi, najua kuna droo kwenu ambamo kaka huweka mambo yanayomuuma. Karatasi hii isiingie humo. Iweke mezani na kalamu juu yake, na usipakue chakula mpaka asaini. Na wewe, Kaka: mstari wa nne, palipo na neno "hai", andika "amefariki". Andika na tarehe, unaikumbuka, ndiyo siku ya kuzaliwa ya Pindo. Tia saini. Ipeleke posta Jumatatu, wewe mwenyewe, kwa miguu yako, na ukifika dirishani hata wakikuambia usubiri, kaulize tena.

Nakupenda hata nikikugombeza,

Dada yako aliyebaki.