Masikio ya Gita

Kwako Mama mkwe,

Shikamoo, Mama. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti limepunguza kuuma tangu uache kupanda zile ngazi za nyuma. Shemeji yangu mdogo naye hajambo? Mwambie nimezipata salamu zake, pamoja na ile kejeli kwamba nimekonda hadi sasa nguo ndizo zinazonivaa mimi. Ni kweli, ila kula nakula. Mwili ni mzima. Nyumba tu ndiyo imekuwa kubwa, na bado sijajua nikae chumba gani.

Umeniomba gita la marehemu Baba, na ni haki yako kurudishiwa. Nimelifunga katika blanketi la kijani. Jirani yangu dereva wa lori atalifikisha mlangoni kwako Jumamosi. Nimemwomba akupe barua kwanza, gita baadaye.

Utakapolifungua utaona alama ndogondogo kwenye bega lake. Usidhani ni panya. Ni meno ya mwanao, mke wangu. Usikivu ulipoanza kumtoka, aligundua kwamba akiuma mbao huku akipiga, sauti hupita kwenye taya ikamfikia. Siku ya kwanza nilipomkuta hivyo nilimwuliza kama chakula nilichopika hakikumtosha. Alicheka hadi machozi, lakini meno hakuyatoa.

Unakumbuka ilivyoanza. Alilalamika kwamba siku hizi nasema kama mtu mwenye uji mdomoni. Kisha, katika ule ukumbi wa hoteli ambako bendi yao ilipiga kila Jumapili mchana, akawa anaingia kwenye wimbo baada ya wenzake. Mwimbaji wao, yule tuliyemwita Sharubu, alimwuliza mbele ya watu kama anangoja kadi ya mwaliko. Alicheka pamoja nao, akarudi nyumbani, akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Daktari wa masikio alimpa dawa za mwezi mmoja. Alituambia kwamba mwezi ukiisha bila nafuu, ni lazima arudi apigwe picha ya kichwa, kwa maana huenda kuna kitu ndani kinachobana mshipa. Kukiwa na nafuu, tungoje kwanza. Naomba uyashike maneno hayo, Mama.

Wiki ya tatu alikuja karakanani kwangu, akaweka gita juu ya meza kati ya gundi na misasa, akasema uzi mwembamba umekufa. Niliupiga. Ulilia kama kengele. Yeye alikuwa akinitazama mdomo, akingoja nikubali kwamba umekufa. Mimi kazi yangu ni kurekebisha. Nimewahi kuunganisha fidla iliyokaliwa na bwana harusi mnene, ikapiga tena. Pale nilisimama na mikono yangu miwili kama mtu aliyeazimwa mikono. Vile vigingi vya kukazia nyuzi, katika karakana yetu tunaviita masikio, na mwanao alizoea kunitania kwamba ameolewa na daktari wa masikio ya mbao. Basi nilishindwa na yake, nikayashika ya mbao.

Nilimwambia nyuzi zimechakaa. Nilizitoa zote, nikafunga nene zaidi, nikazishusha sauti hatua moja, kisha ya pili, kwa maana sauti nyembamba ndizo zilizomtoka, nzito bado alizisikia. Kwa kuwa zilikuwa nene, vidole vyake havikuhisi ulegevu. Alipopiga, uso wake ulifunguka kama dirisha. Aliupiga uzi ule ule tena na tena.

Nikawaendea wanabendi kwa siri, nikawasihi washuke naye. Mpiga besi alikubali mara moja. Sharubu alinung'unika kwamba tukizidi kushuka ataimbia chini ya meza, lakini alishuka. Jumapili hiyo mwanao alianza kila wimbo pamoja na wenzake. Alirudi akanizungusha jikoni, mwiko bado mkononi mwangu, akisema masikio yamerudi. Akakupigia simu. Sauti ya simu yake ilikuwa imepandishwa hadi mwisho, kwa hiyo nilikusikia ukimwambia kwamba ulijua tangu zamani mkono wangu una baraka. Nilikuwa nakausha sahani. Niliendelea kuikausha.

Mwezi ukaisha. Aliniuliza akafanye nini kwa daktari na hali nafuu ameipata. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilisema twende hata hivyo, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa. Naye kweli hakusikia. Sikurudia.

Tulikaa hivyo miezi tisa. Kila aliposema uzi umeanza kufa, niliyashika masikio nikashusha. Hadi siku aliyoanguka barazani akisema sakafu imeinama, tukaenda, akapigwa picha, na mengine unayajua, kwa sababu ulikuja ukamshika mkono. Usilolijua ni kwamba nilimfuata daktari peke yangu, nikamwuliza kama uvimbe ule ungeonekana miezi tisa nyuma. Alisema pengine ungeonekana, pengine ungekuwa mdogo, pengine ungetolewa. Pengine tatu, Mama. Nazipanga na kuzipangua kila siku, hazinipi jibu.

Wiki za mwisho hakusikia chochote. Nilimpigia gita, naye akaweka kiganja juu ya ubao wake, akinionyesha kwa kidole kila nilipokosea, na nilikosea mno. Mara mbili nilianza kumwandikia haya katika daftari tulilotumia kuzungumza. Mara ya kwanza niliandika neno moja, nikalikata. Mara ya pili alinipokonya kalamu, akaandika kwamba sura yangu imechoka, niache kuandika, nikapike chai. Nikaenda nikapika chai.

Sasa wewe umeniandikia kwamba nilimtunza mwanao kama mboni ya jicho, na kwamba unashukuru alipata mume wa kumsikiliza. Barua yako nimeiweka chini ya mto, na siwezi kukaa nayo bila kukwambia.

Wewe ulilisikia gita hili mikononi mwa Baba tangu ujana wenu. Sauti yake unaijua. Kabla shemeji hajayazungusha masikio, mwambie apige uzi mmoja. Utasikia umeshuka, mzito, kama mtu anayesema na wewe kutoka kisimani. Shemeji atasema ni safari iliyozilegeza nyuzi. Mama, si safari. Ni mkono huo ulioubariki. Ndivyo alivyoliacha, nami sikuthubutu kuzipandisha.

Sikuombi unijibu. Ukiniita nitakuja, na usiponiita nitajua. Goti likande kwa maji ya moto asubuhi, kabla ya kusimama. Msalimie sana shemeji, na majirani walioniuliza hali. Blanketi si lazima lirudi. Alilipenda, kaa nalo.

Ni mimi mkweo, ukikubali niendelee kujiita hivyo,

Fundi