Maji ya Kifuani

Igamba, Mbozi
3 Agosti 2009

Mume wangu Osea,

Nimefika salama kutoka Mafia. Kahawa tumeianika, na mama yako hajambo. Mtoto wetu Wilbard anauliza samaki wa baharini wana rangi gani. Nimemwambia baba yake anawajua wote, maana kazi yake ni kuwaonyesha wageni.

Pale ufukweni nilipiga magoti nikakupigia makofi, kama mke wa kwetu anavyomsalimia mumewe. Wageni wakacheka. Yule mwanamke mjamzito aliyekushika mkono akauliza mimi ni nani. Ukajibu, "Dada yangu, amekuja kutembea."

Kisha ukanivalisha miwani ya kutazamia samaki na mrija wa kupumulia, ukaniingiza baharini pamoja na wageni wasiojua kuogelea. "Maji ni ya kifuani tu, dada. Pumua kwa mdomo, usiogope."

Tulipoinuka ukaona maji ndani ya miwani yangu, ukanifundisha kuyamwaga. Nikayamwaga, yakarudi. Ukasema utanibadilishia nyingine. Osea, miwani ile haikuwa inavuja.

Mama yako sijamwambia kitu. Njoo umwambie mwenyewe.

Dada yako,
Enesi