Kifurushi Nilichokunyang'anya Mlangoni pa Jela

Mtani wangu Athumani,

Zamani salamu yangu kwako ilikuwa tusi: "Mzigua mvivu, hujafa bado?" Leo mdomo unanishinda.

Bado nipo Mnyuzi, nakata mkonge. Unyamwezini sijarudi. Kwenu Kang'ata wamehamishiwa wote kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara. Mkeo naye yuko huko. Kaburi lako limebaki mahameni na mihogo uliyoiacha.

Nakuandikia kwa sababu ya kile kifurushi. Siku ulipotoka jela, ulikofungwa kwa kosa la gongo, nilikungoja mlangoni. Ulikuwa umenenepa, mikono haitetemeki tena. Nikakunyang'anya kifurushi chako, haki ya mtani, huku napiga kelele, "Umekula ugali wa Serikali bure! Vya jela havifiki nyumbani!" Tulipofika darajani nikakitupa mtoni. Ukacheka, maana mtani hakasirikiwi. Kisha ukasema polepole, "Mnyamwezi wewe, mle mlikuwa na vidonge vyangu vya kukata kiu ya gongo. Daktari wa jela alisema nisiviache."

Nikakujibu, "Dawa ya jela ni ya mfungwa. Wewe umetoka."

Neno hilo, Athumani. Neno hilo.

Zahanati ya kwenu hawakuwa navyo. Wakakuambia urudi ulikopewa. Ungerudije, ila kwa pingu? Hospitali ya Korogwe ilikuwa karibu nami, sikwenda kukuulizia vidonge. Mikono ikaanza kutetemeka. Gongo ikakuita, ukaitika, ikakumaliza.

Mazikoni walinisubiri niingie kaburini, nikutukane, nidai changu, watu wacheke. Nilisimama kama gogo. Mkeo akaniuliza, "Mtani, mbona leo hututanii?" Sikumwambia. Hata sasa hajui.

Mdogo wako Salimu naye yuko ndani, gongo ileile, anameza vidonge vilevile. Anatoka mavuno yakiisha. Kifurushi chake sitakigusa. Nitamchukua mlangoni moja kwa moja hadi hospitali, aandikiwe dawa yake kabla hajafika nyumbani. Wakimkataa, tutakaa palepale barazani mpaka watuone. Kisha nitampeleka kwa mkeo, na mkeo nitamwambia yote hapohapo.

Salimu akitulia, nitakuja mahameni nikutukane matusi yote niliyokunyima siku ile. Kwa sasa lala, Mzigua. Mungu akurehemu.

Mtani wako,
Maganga