Pingili Kumi na Nane za Fundi Mgaya

Mafinga

Mdogo wangu mpendwa Atupele,

Naomba unisamehe kwa kunyamaza muda mrefu hivi. Nilipokuandikia mara ya mwisho mlikuwa mnapandikiza mpunga, na sasa nasikia mnavuna. Sikuwa mgonjwa, wala sikukusahau. Nilikuwa na jambo ambalo sikutaka kulisema kwenye simu, kwa sababu simu yako hupokewa na yeyote aliyepo uani, na habari zangu zingefika kwenye mashine ya kukobolea kabla wewe hujamaliza kuzisikia.

Hujambo lakini? Mgongo unakuruhusu kuinama shambani? Na shemeji yangu, kifua kimetulia au bado anakohoa vumbi la pumba? Mimi ni mzima. Baridi ya huku tu ndiyo inayonikumbusha umri wangu.

Unajua kwamba katika kiwanda hiki cha mbao mimi ni karani wa uwanjani. Gogo la paini likishushwa kwenye lori, nalipima kwa futi na kuandika urefu wake daftarini. Kisha Fundi Mgaya, mkuu wa msumeno, hulikata pingili za futi kumi na mbili, na pingili hizo ndizo zinazopasuliwa mbao. Kipande kinachobaki, kilicho kifupi kuliko hapo, ni cha watu wa msumeno. Ndiyo desturi ya hapa tangu zamani. Wengine hupikia, wengine huchonga vigoda.

Mwezi uliopita mwenye kiwanda alimleta Festo, mtoto wa dada yake, kijana wa Iyunga aliyesomea kompyuta. Festo akaandika programu: mimi nampa urefu wa magogo, kompyuta inasema pingili ngapi zilipaswa kupatikana. Wiki ya kwanza tu ikasema themanini na sita. Tulizozihesabu uwanjani zilikuwa sitini na nane. Kabla watu hawajamaliza chai, neno "wizi" lilikuwa limekwisha kuzunguka kiwanda kizima.

Sitakuficha, nami nilimshuku Mgaya. Mara mbili nilimwona akifunga vipande kwenye baiskeli na kuvifunika kwa gunia. Mtu anayechukua kilicho chake anafunika kwa nini?

Mwenye kiwanda akaniita, akaweka karatasi mbele yangu. Iliandikwa kwamba mimi, karani, nathibitisha kuwa hesabu ya kompyuta imetokana na vipimo vyangu na ni sahihi. Nikisaini, Mgaya anafukuzwa na kupelekwa polisi.

"Mwalimu, weka saini tu, ni kitu kidogo," alisema.

Nilimjibu kwamba kwa miaka yote niliyofundisha sikuwahi kutia alama kwenye mtihani ambao sikuusoma. Nikaenda kwa Festo nikamtaka anionyeshe jinsi kompyuta yake inavyofikiri.

"Mama, hii kitu ni rahisi," alisema, akanivutia kiti.

Nimejifunza, Atupele, kwamba kila asemaye jambo ni rahisi ana sehemu ambayo hataki uitazame. Nikakaa, nikafungua daftari. Kujumlisha na kutoa, alama zao ni zile zile tulizofundisha. Kuzidisha wanaweka nyota. Kugawanya ni kistari kimoja kilichoinama, na jibu huja na desimali. Ukiweka vistari viwili, unapata namba nzima peke yake, masalio yanaachwa. Ukitaka masalio yenyewe, unaandika alama ya asilimia. Hapo nilimtazama usoni nione kama ananichezea.

"Nani aliwaruhusu kuipa asilimia kazi nyingine?"

"Ndivyo lugha yenyewe ilivyo, Mama."

"Lugha ya watu gani?"

"Ya watu wavivu wa kuandika," alisema, akacheka. Mimi sikucheka.

Nikamwambia aipe programu magogo matatu, kila moja futi thelathini na mbili. Ikajibu: pingili nane. Nikachukua kalamu yangu. Gogo moja la futi thelathini na mbili linatoa pingili mbili, zinabaki futi nane. Magogo matatu yanatoa sita.

"Hizi mbili za ziada zimetoka wapi?"

"Ziko kwenye masalio, Mama. Nane mara tatu ni ishirini na nne. Gawanya kwa kumi na mbili, unapata mbili. Hesabu ni hesabu."

"Festo, chukua vipande vitatu vya futi nane, uviunge kwa mate, kisha uniletee hizo pingili mbili."

Wapakiaji waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. "Mate ya Iyunga hayashiki paini!" mmoja akapiga kelele. Festo akanigeuzia kioo cha kompyuta. Alikuwa amejumlisha urefu wa magogo yote kwanza, ndipo akagawanya mara moja, kana kwamba msitu mzima ni gogo moja. Nikamtaka agawanye kila gogo peke yake kwa vistari viwili, ndipo ajumlishe. Aliandika upya. Jibu likawa sabini.

Sabini, lakini, si sitini na nane. Nikamfuata Mgaya kwenye msumeno.

"Kamwene, Mwalimu," alinisalimu Kihehe.

"Kamwene. Pingili mbili ziko wapi?"

"Gogo moja lilioza moyo. Nikalitupa kwenye mabanzi."

"Mbona hukuniambia niandike?"

"Hukuuliza," alisema, akaendelea kupaka mafuta msumeno bila kuinua uso.

Nilikwenda kwenye lundo la mabanzi, yale magome na vipande visivyofaa mbao. Lilikuwa limekwisha kubebwa na wachoma tofali. Huenda anasema kweli. Na Festo, huenda ni ujinga wake wa mbao tu. Lakini nimesikia ana kaka yake anayeitafuta kazi ya msumeno hapa hapa. Simwamini huyu, simwamini yule.

Nilirudisha ile karatasi bila saini, nikaandika yangu: pingili kumi na sita hazikuwahi kuwapo, mbili hazionekani na sijui zilipo. Mwenye kiwanda akasoma mara mbili.

"Unamtetea mwizi?"

"Simtetei mtu. Nakuambia ninachokijua, na ninapoishia."

Amesema ataamua Jumatatu, baada ya kuzungumza na Festo faraghani. Hayo mazungumzo ya wawili siyapendi. Nimemwambia kwamba akimfukuza Mgaya kwa pingili kumi na nane, nami nitaacha kazi siku hiyo hiyo.

Nisalimie shemeji, na binti yako mkubwa anayekusomea barua. Mwambie asome kwa sauti ya chini. Msalimie pia mama mkwe wako, na mzee wa kanisa wa mtaa wenu. Barua hii anaileta dereva wa lori la mbao hadi Igawa. Nimeifunga kwa gundi pande zote. Ukikuta imefunguliwa, uniambie.

Jumatatu mwenye kiwanda akishaamua, nitakuandikia kabla jua halijazama: ama Mgaya yuko kwenye msumeno wake nami nimebaki naye, nikimchunga, ama amefukuzwa, nami nakuja huko kwako Ubaruku, uniazime jembe.

Dada yako akupendaye,
Tusekile